Kutengeneza na Kutunza Nyasi Bandia Kwenye Udongo Mweusi wa Mfinyanzi

Zulia la nyasi bandia likianza kujikunja, kutuamisha maji au kuachana kwenye maungio, wenye nyumba wengi hukimbilia gundi. Gundi inapakwa, masika yanapita, na mpasuko unarudi palepale. Mwongozo huu ni kwa wanaoishi juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mafundi wa Nairobi huuita bleki koton na Watanzania wengi huuita udongo wa mbuga: Kitengela, Athi River, Syokimau, Embakasi, tambarare za Kano kule Kisumu, na popote ambapo uwanja hupasuka kiangazi na kunasa viatu masika. Huko karibu kila ugonjwa wa zulia huanzia chini, na ukitaka likae miaka mingi lazima ushughulike na ardhi na maji kabla ya kugusa gundi.

Mfinyanzi huu una madini ya kundi la smektaiti. Chembe zake ni vibapa vyembamba mno vinavyonyonya maji katikati yake na kutanuka. Vikikauka hunywea, ardhi ikapasuka. Nyufa zake hufika kina cha nusu mita na zaidi. Kwa hiyo uwanja hupanda na kushuka kila mwaka kufuata mvua, na haupandi sawasawa: penye kivuli, penye bomba linalovuja na penye mzizi wa mti kila pahali huenda kwa mwendo wake. Zulia nalo ni plastiki tu. Majani yake mara nyingi ni ya polithini, yameshonwa kwenye kitambaa cha polipropilini, na mgongo umepakwa lateksi au poliyurethani yenye matundu ya kutolea maji. Halina uwezo wowote wa kuizuia ardhi isisogee.

Ujue udongo wako

Chimba shimo la kina cha sentimita 30 pembeni mwa zulia. Chukua tonge la udongo, lilowanishe kidogo, likande kama unga wa chapati, kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka litoke utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2 na nusu, una udongo mwepesi na kazi yako ni rahisi. Ukifika sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito.

Kisha jaza shimo maji, acha yaishe, ujaze tena, na upime mara hiyo ya pili. Kiangazi ujazo wa kwanza hudanganya, maana maji hukimbilia kwenye nyufa na ukadhani ardhi inakunywa vizuri. Nyufa zikishavimba na kufunga ndipo ukweli unaonekana. Maji yakishuka chini ya sentimita 2 kwa saa, usitegemee hata kidogo kwamba mvua itazama chini ya zulia. Itabidi itiririke kwenda mahali ulipoichagulia.

Soma zulia kabla ya kuling'oa

Tembea juu yake baada ya mvua kubwa ukiwa na chaki au vijiti vya kuwekea alama. Bonde lenye maji sehemu moja maana yake msingi umezama au umeliwa na maji. Tuta lililoinuka peke yake hutokana na udongo uliolowa na kuvimba, na hapo uliza maji yametoka wapi: bomba la chini, maji ya kufulia, gata lililokatika, au bustani ya maua inayomwagiliwa kila jioni. Wakati mwingine tuta ni la fuko, utalijua kwa sababu ukilikanyaga linabonyea. Mstari mrefu wa kushuka mara nyingi hufuata mtaro wa zamani wa bomba au waya ambao haukushindiliwa. Mikunjo isiyo na bonde wala tuta ni kazi ya joto: zulia limetanuka na halikubanwa wala kutiwa mchanga wa kutosha.

Halafu inua kona moja uchungulie. Hapa ndipo fundi mzuri anapotofautiana na muuza gundi. Mara nyingi utakuta vumbi la kokoto lililokuwa safu nzuri limetoweka, kokoto zimebaki zimekaa hovyo, na kati yake kuna ufa ambao ukitia kijiti kinazama mpaka kiganja kinagusa ardhi. Vumbi lote limeingia humo. Pembeni utaona ncha nyeupe za ndago, kali kama sindano, zimekitoboa kitambaa cha chini na zinatafuta upenyo kwenye matundu ya zulia. Ukikuta badala yake tope laini la rangi ya kijivu lenye harufu ya uozo, maji yamekuwa yakisimama hapo kwa muda mrefu na safari yako inaanzia kwenye mtaro.

Chagua wakati

Ukisawazisha msingi katikati ya kiangazi nyufa zikiwa wazi, mvua ikija udongo utavimba na kukutengenezea matuta. Ukifanya mvua ikinyesha, utashindilia tope. Wakati mzuri ni wiki chache baada ya mvua kukatika, udongo ukiwa na unyevu wa wastani: unaukanyaga, alama ya kiatu inabaki, lakini kiatu hakitoki na udongo. Nairobi na viunga vyake huo ni Juni na Julai baada ya masika, au Januari baada ya vuli. Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja, subiri Mei.

Maji kwanza

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 30 alasiri moja limekusanya lita 3,000. Kama gata zako zinamwaga maji hayo kando ya zulia, hakuna msingi utakaostahimili. Yaelekeze kwenye tangi, au kwenye mtaro wa zege unaoyatoa nje ya kiwanja. Usiyapeleke kwenye shimo la kunywea, yaani la kuzamishia maji ardhini, lililo karibu, maana kwenye mfinyanzi shimo hilo halinywi. Linageuka kisima kinachovimbisha ardhi yote inayolizunguka.

Upande ambao maji ya jirani yanaingilia, chimba mtaro wa kina cha sentimita 40 na upana wa 30, utandike jiotekstaili (kitambaa cha plastiki kinachopitisha maji na kuzuia udongo), laza bomba lenye matundu, jaza kokoto safi, kisha kunja kitambaa juu yake. Mtaro uwe na mteremko mpaka mahali maji yanapotokea. Usipokuwa na tokeo umechimba bwawa refu. Kagua pia mabomba yote yanayopita chini. Funga bomba zote za ndani usiku na utazame mita ya maji: ikiendelea kuzunguka, una uvujaji, na huenda ndio ulioliinua zulia.

Miti mikubwa ina shauri lake. Mkalitusi unanyonya maji mengi na kukausha mfinyanzi mita kadhaa kutoka shinani, ardhi ikashuka upande huo. Kama mti ni wako na uko mita chache kutoka kwenye zulia, fikiria kuuondoa au kurudisha ukingo wa zulia nyuma.

Kurekebisha msingi

Anza kwa kuondoa mchanga ulio katikati ya majani: fagia kwa ufagio mgumu kinyume na majani yanavyolala, ukusanye, ukaushe, uuhifadhi. Ng'oa misumari ya pembeni kwa koleo. Kunja zulia kwa kulizungusha kama mkeka, usilipinde kwa mkunjo mkali, kwa kuwa mgongo wa lateksi uliochomwa na jua miaka kadhaa hupasuka. Chora mshale kwa kalamu ya rangi mgongoni kuonyesha majani yanalalia upande gani.

Penye bonde au tuta, chimba zaidi ya eneo lenye ubaya, nusu mita kila upande, na utoe udongo mweusi kwa kina cha sentimita 15 mpaka 20. Udongo huo usiurudishe. Wengi hujaza nyufa kwa mchanga wa mto wakidhani wamezimaliza. Mvua ikija udongo unataka kutanuka, unakuta nafasi yake imejazwa, na njia pekee inayobaki ni kupanda juu. Saruji ndani ya ufa ni mbaya zaidi.

Kama uwanja unasogea sana, chokaa inasaidia kweli, na wajenzi wa barabara huitumia kwa udongo huuhuu. Tumia chokaa ya ujenzi iliyokwisha kuzimwa, kiasi cha asilimia 4 mpaka 6 ya uzito wa udongo mkavu. Kwa tabaka la sentimita 15 la udongo uliobaki chini ni karibu kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Tawanya, changanya kwa jembe mpaka mabonge yavunjike, nyunyizia maji, acha siku moja au mbili, changanya tena, shindilia. Vaa glavu, miwani na barakoa: chokaa inaunguza macho na ngozi yenye jasho. Watoto na mbwa wakae mbali.

Juu ya udongo uliosawazishwa tandika jiotekstaili, vipande vipishane sentimita 30. Kitambaa hiki ndicho kinachozuia msingi wako usizame kwenye nyufa tena, na ndicho mafundi wa haraka hukiruka. Usikubali akiruke. Kuna wanaotandika nailoni nzito badala yake ili unyevu wa chini usibadilike. Inafanya kazi pale tu ambapo mteremko ni mzuri na maji yana tokeo. Bila hivyo umejenga beseni.

Kisha mimina moramu nzuri au kokoto zilizochanganyika na vumbi lake, tabaka zisizozidi sentimita 10, kila tabaka lilowanishwe kidogo na kushindiliwa kwa kompakta kabla ya lingine kuwekwa. Kwa sehemu ndogo shindilio la mkono linatosha, ila piga mpaka kisigino kisiache alama. Jumla ya sentimita 15 ndiyo kiwango cha chini ninachokikubali kwenye mfinyanzi mzito, ingawa kwenye udongo wa kichanga nusu ya hapo hutosha. Malizia kwa vumbi la kokoto la sentimita 2 au 3, ulivute kwa ubao ulionyooka, ulowanishe na ushindilie.

Mteremko uwe sentimita 1 na nusu mpaka 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Funga uzi kati ya vigingi viwili, pima kwa pimamaji, usikadirie kwa jicho. Mwisho mwaga ndoo ya maji upande wa juu na uyafuate yanakoishia. Yakisimama popote, rekebisha sasa.

Maungio na viraka

Rudisha zulia na uliache limelala wazi saa mbili au zaidi lizoee. Polithini hutanuka kwa joto: ukiunga saa saba mchana zulia likiwa limenyooka kwa jua, usiku litanywea na kuvuta maungio, ukiunga alfajiri likiwa limejikusanya, mchana litafura mikunjo. Saa tatu mpaka saa nne asubuhi ni wakati mzuri wa kupaka gundi.

Kwenye maungio yaliyoachana, kunjua pande zote mbili nyuma, kwangua gundi ya zamani na tope, kisha kata ukingo uliochakaa kwa kisu kikali, ukipitisha wembe mgongoni kati ya mistari miwili ya mshono wa majani. Badilisha wembe mara kwa mara. Laza tepu ya kuungia yenye upana wa sentimita 20 au 30 katikati ya mstari, upande wa kupakwa ukiwa juu. Paka gundi ya poliyurethani ya nje kwa mwiko wenye meno, ngoja muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha teremsha upande mmoja baada ya mwingine. Nafasi kati ya pande mbili iwe sawa na nafasi kati ya mistari ya mshono. Ikiwa kubwa mstari utaonekana, ikibanana sana utainuka. Chomoa kwa vidole majani yaliyonaswa kwenye gundi, tembea juu taratibu, halafu weka magunia ya mchanga mpaka kesho yake. Mvua isiliguse siku hiyo.

Kiraka ni kazi ya uvumilivu zaidi kuliko nguvu. Mfano wa kawaida ni kaa la moto lililoanguka kutoka kwenye jiko la nyama choma na kuacha duara jeusi, gumu kwa mguso. Kata mraba unaolizunguka, ukikaa kwenye mistari ya mshono. Chukua mraba huo mbovu, ugeuze mgongo juu, uuweke juu ya mgongo wa kipande cha akiba, mishale ya majani ielekee upande mmoja, na uchore. Ukikata hivyo kiraka kitaingia sawasawa. Kikigeuzwa upande, hata kama ni zulia lilelile, jua la jioni litakionyesha kama doa la rangi nyingine. Tandika tepu chini ya kingo zote nne, gundi, uzito, mchanga. Kama huna kipande cha akiba, kata mahali pasipoonekana, nyuma ya tangi au chini ya ngazi. Zulia jipya la dukani halitafanana na lako lililokwisha kufifia.

Pembeni, misumari ya mabati ya sentimita 15 kila baada ya sentimita 20 hushika vizuri ikiwa imeingia kwenye msingi ulioshindiliwa. Ikiingia kwenye mfinyanzi mtupu, kiangazi ufa unaiachia na zulia linajikunja. Panapokosa msingi imara, zika mbao za plastiki pembeni uzipigilie zulia, kwani zinafuata mwendo wa ardhi. Ukingo mrefu wa zege usio na nondo wala nafasi za kuachia hupasuka.

Joto

Jua la mchana likiwa kali, uso wa nyasi bandia unaweza kupita nyuzijoto 60, ilhali nyasi hai hubaki chini sana ya hapo kwa sababu zinapoza kwa maji yake zenyewe. Weka kiganja juu kwa sekunde tano. Ukishindwa, mtoto asitembee peku hapo wala mbwa asifungiwe.

Watu hupoza kwa mpira wa maji. Joto linashuka mara moja, lakini huanza kupanda tena ndani ya dakika chache, na yale maji yamekwenda chini kuvimbisha mfinyanzi. Mtu anayemwagilia zulia kila mchana analipa bili ya maji ili kuharibu msingi wake. Kivuli ni bora mara nyingi: turubai la wavu, pagola, mmea unaotambaa. Nyunyizia kidogo tu kabla ya watoto kutoka kucheza.

Cha kujazia kati ya majani kiwe mchanga wa silika uliooshwa, wa punje za mviringo, kilo 5 mpaka 10 kwa mita ya mraba kwa zulia la majani ya milimita 30 hadi 40. Unalibana zulia na kulizuia lisifure. Punje za mpira mweusi ziachie viwanja vya kandanda. Zinaongeza joto, na Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayopiga marufuku uuzaji wa punje za plastiki na mpira za aina hiyo kwa viwanja, ikitoa muda wa miaka 8 wa mpito.

Ukiona mstari wa majani yaliyoyeyuka na kushikana bila jiko kuwa karibu, simama hapo saa ambayo jua linawaka upande huo, ugeuke. Utaona kioo cha dirisha, chako au cha jirani, kikikurudishia mwanga machoni. Weka wavu nje ya kioo kabla ya kutia kiraka, la sivyo kiraka nacho kitayeyuka.

Utunzaji wa kawaida

Fagia kila wiki kwa brashi ngumu ya plastiki, kinyume na majani yanavyolala, hasa njia inayokanyagwa sana. Brashi ya waya inakata majani. Majani makavu na vumbi jekundu la kiangazi yasiachwe yakaoza, kwa kuwa yanaziba matundu na kuwa mboji ya magugu. Kabla ya masika, fungua gata na mitaro. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, tembea uone maji yamekaa wapi. Mara moja kwa mwaka ongeza mchanga.

Mkojo wa mbwa suuza siku hiyohiyo. Harufu ikishika, siki na maji nusu kwa nusu husaidia. Usichanganye kamwe siki na jiki, wala kumwaga jiki juu ya mkojo mwingi: hutoka hewa yenye sumu. Mafuta ya nyama yaondoe kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu. Big'ijii igandishe kwa barafu kisha uivunje.

Ndago usiikate juu, itarudi. Inua zulia upande wa karibu, chimbua na vile viazi vyake vidogo chini, fuata mnyororo wake mpaka mwisho, kisha funika tobo kwa kipande cha jiotekstaili.

Wakati wa kuacha kutengeneza

Shika majani machache uyavute kwa vidole. Yakikatika, au kiganja kikibaki na unga wa kijani, jua limeshalimaliza zulia. Kadhalika mgongo unaobomoka ukiukunja. Hapo kila shilingi ya gundi imepotea. Msingi ukiwa mzuri utautumia tena kwa zulia jipya, na unaponunua ulizia lenye kinga ya mionzi ya jua, mgongo wenye matundu wazi, na uchukue mita moja ya ziada ya akiba ya viraka.

Kama uwanja wako ni mkubwa, hauna tokeo la maji, na kila masika unainuka upya, ushauri wangu ni uache nyasi bandia sehemu ndogo iliyo karibu na baraza, iliyojengewa msingi kamili, na kwingine upande nyasi hai, ambazo mizizi yake inavumilia ardhi inayosogea. Zulia kuukuu usilichome. Moshi wa plastiki ni sumu kwako na kwa jirani. Likate vipande: la mlangoni la kufutia tope, la chini ya matangi, la kufunika mbolea ya samadi. Yanayobaki mpe mkusanya taka anayepeleka plastiki kwenye urejelezaji, yakiwa yamekung'utwa mchanga wote.